Dhahabu, fedha na shaba: Je, fedha ni ya pili kweli?

Michezoni kila mtu anajua mpangilio: dhahabu ya kwanza, fedha ya pili, shaba ya tatu. Watanzania wanaijua hiyo nafasi ya pili vizuri. Medali mbili za Olimpiki ambazo nchi yao imepata, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui kule Moscow mwaka 1980, zote ni za fedha.

Ila ukiangalia metali zenyewe, mpangilio huo unavurugika. Hata medali ya dhahabu ya Olimpiki si dhahabu tupu: kanuni zinadai gramu 6 tu za dhahabu ya kupaka juu, na karibu yote iliyobaki ndani ni fedha.

Kwa nini zinafanana?

Kwenye jedwali la elementi, hizi tatu ziko safu moja, kundi la 11. Shaba iko juu (namba 29), fedha katikati (47), dhahabu chini (79). Kila moja ina elektroni moja tu kwenye mzingo wa nje, na hiyo ni sehemu ya sababu ya zote kupitisha umeme na joto vizuri. Zote pia ni laini: unaweza kuzivuta zikawa waya au kuzigonga zikawa bamba jembamba bila kukatika.

Hata ardhini hukutwa pamoja mara nyingi. Makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi, yaliyozua mjadala mkubwa Tanzania mwaka 2017 serikali ilipozuia yasisafirishwe nje, yalikuwa na zote tatu ndani yake.

Tofauti kwa namba

- Uzito wa sentimita moja ya ujazo: shaba gramu 8.96, fedha 10.49, dhahabu 19.3.
- Joto la kuyeyuka: fedha nyuzi joto 962, dhahabu 1,064, shaba 1,085.
- Kupitisha umeme: fedha ya kwanza, shaba ya pili, dhahabu ya tatu.

Kwenye umeme, fedha ndiyo bingwa

Katika joto la kawaida, hakuna metali inayopitisha umeme vizuri kuliko fedha. Inaizidi shaba kwa takriban asilimia 6. Kwenye kupitisha joto pia inaongoza.

Sasa mbona nyaya za nyumbani ni za shaba? Jibu ni bei. Ukiongeza unene wa waya wa shaba kidogo tu, tofauti hiyo inakwisha, na bado utakuwa umelipa pesa kidogo sana ukilinganisha na waya wa fedha.

Kuna wakati hesabu hiyo iligeuka. Katika Vita vya Pili vya Dunia, shaba iliadimika Marekani kwa sababu ilihitajika kwenye silaha. Mradi wa bomu la atomiki ukakopa zaidi ya tani 13,000 za fedha kutoka hazina ya taifa, zikatengenezewa koili za sumaku kubwa za umeme huko Oak Ridge, Tennessee. Baadaye karibu fedha yote ilirudishwa.

Kwenye kutu, dhahabu haina mpinzani

Hapa ndipo fedha inapoangukia. Hewa yenye gesi za salfa, hata kwa kiasi kidogo, huifanya iwe nyeusi. Mayai, vitunguu na mipira ya kufungia vitu pia vina salfa, ndiyo maana kijiko cha fedha kilichotumika kulia yai hubadilika rangi haraka.

Shaba nayo huwa ya kahawia, na ikikaa nje miaka mingi inakuwa ya kijani. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na rangi ya shaba. Kijani kinachoonekana leo kilikuja chenyewe.

Dhahabu haibadiliki. Asidi ya nitriki huyeyusha shaba na fedha, lakini peke yake haiigusi dhahabu. Masonara hutumia tofauti hiyo kupima.

Toa laini ya simu yako uone: ile sehemu ya kugusana na simu ina rangi ya dhahabu kwa sababu imepakwa dhahabu. Kati ya hizi tatu, dhahabu ndiyo ya mwisho kwa kupitisha umeme, lakini haishiki kutu, kwa hiyo laini inaendelea kusoma miaka yote.

Ukienda kununua silva

Fedha tupu ni laini mno kwa pete au cheni, hivyo huchanganywa, mara nyingi na shaba. Alama ya 925 inamaanisha asilimia 92.5 ni fedha.

Jihadhari na kinachoitwa "silva ya Kijerumani". Jina lina silva, ila ndani hakuna fedha hata chembe: ni shaba, nikeli na zinki. Nikeli huwawasha baadhi ya watu ngozi.

Alama inaweza kugongwa na yeyote, kwa hiyo pima:

- Sumaku: ikivuta kwa nguvu, si fedha. Isipovuta, bado hujathibitisha kitu, kwani shaba nayo haivutwi.
- Maji: pima uzito, kisha zamisha kwenye chombo chenye alama za mililita. Bangili isiyo na uwazi ndani, ya gramu 52 za silva ya 925, itapandisha maji kwa mililita 5 hivi. Yakipanda karibu 6, kuna uwezekano mkubwa unauziwa mchanganyiko wa shaba.

Na ile bangili ya zamani ya bibi iliyokuwa nyeusi? Usiitupe kwa kudhani ni feki. Fedha halisi nayo huwa nyeusi. Ipeleke kwa sonara aipime kwanza.