Mchicha Uliotoka Jangwani

Mchicha sote twaujua. Leo someni habari za jamaa yake wa mwituni, mchicha wa Palmer. Kwao ni jangwani, kusini-magharibi ya Marekani na kaskazini ya Meksiko.

Mmea huu huishi mwaka mmoja tu. Mvua ikinyesha huota upesi, huzaa, kisha hufa. Zamani Wapima, wenyeji wa Arizona, walichuma majani yake machanga wakayapika, kama tufanyavyo sisi. Mwaka 1877 mtaalamu mmoja aliupa jina la Edward Palmer, mkusanyaji wa mimea.

Mmea mmoja wa kike waweza kuzaa mbegu laki kadhaa, nazo ni ndogo mno. Kwa hiyo husafiri bila kuonekana. Mwaka 1915 mmea huu ulikutwa Virginia, mbali sana upande wa mashariki. Baadaye ukaenea katika mashamba ya pamba. Wakulima wakaupiga dawa moja, glifosati, mwaka baada ya mwaka. Mimea michache iliyostahimili dawa ilibaki, ikazaa mingine kama hiyo. Mwaka 2005 ilithibitishwa katika jimbo la Georgia kwamba dawa hiyo haiiui tena. Wakulima wengi ikawabidi kuajiri watu wa kung'oa kwa mikono.

Basi, ndugu, chunguza mbegu kabla ya kupanda. Usitegemee dawa moja tu. Ukiona gugu geni shambani mwako, ling'oe kabla halijazaa.

Swali: Kwa nini dawa ilishindwa? Andika jibu lako.