Zawadi ya Bibi Arusi: Kitabu cha Mapishi na Mpishi Asiyetajwa

Katika pwani ya Afrika Mashariki mafunzo ya mwali yamekuwa kazi ya somo au kungwi, yaani mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa binti ili amfunde kwa maneno na kwa vitendo kabla hajaingia nyumbani kwa mumewe. Katika Ulaya na Marekani, hasa miongoni mwa watu wenye uwezo, sehemu ya kazi hiyo ilichukuliwa na kitabu cha mapishi, ambacho kilizoeleka kuwa zawadi ya harusi. Historia ya zawadi hiyo inaonyesha kwamba kwa muda mrefu kitabu kilitolewa kwa mtu ambaye hakutarajiwa kushika mwiko, na kwamba maana yake ilibadilika pale mpishi wa kuajiriwa alipoanza kutoweka jikoni.

Kabla vitabu vya chapa havijaenea, zawadi hiyo mara nyingi ilikuwa muswada, yaani daftari la mkono lililorithishwa ndani ya ukoo. Martha Dandridge, ambaye baadaye aliolewa na George Washington, alipata daftari la namna hiyo kutoka ukoo wa mume wake wa kwanza, Daniel Parke Custis, aliyemwoa huko Virginia mwaka 1750. Lilikuwa na maelekezo zaidi ya 500 katika sehemu mbili, moja ya vyakula vya mezani na nyingine ya vitu vitamu vilivyopikwa kwa sukari, na mengi kati yake yalitokana na majiko ya Uingereza ya karne ya 17. Mwaka 1799 Martha alimpa daftari hilo mjukuu wake, Eleanor Parke Custis, aliyeolewa na Lawrence Lewis huko Mount Vernon, nyumbani kwa akina Washington, tarehe 22 Februari. Miaka miwili kabla ya harusi hiyo, tarehe ileile, Hercules, mtumwa aliyekuwa mpishi mkuu wa familia hiyo ya Washington, alikuwa ametoroka na kujipatia uhuru. Daftari lilipita kutoka bibi hadi mjukuu, lakini ujuzi wa kupima moto na kuonja mchuzi ulikuwa mikononi mwa watu ambao majina yao hayakuandikwa humo.

Mwaka 1861 vilitoka vitabu viwili vya chapa vilivyoupeleka urithi huo madukani. Huko London, Isabella Beeton alichapisha kitabu chake kikubwa cha uendeshaji wa nyumba, chenye kurasa zaidi ya 1,000, ambacho kiliuzwa nakala 60,000 katika mwaka wa kwanza. Ingawa sehemu kubwa yake ni mapishi, kilianza na wajibu wa mwenye nyumba, kikaeleza pia watumishi wanaofaa kwa kila pato: familia yenye pauni 1,000 kwa mwaka ilishauriwa kuajiri mpishi, watumishi wawili wa kike wa usafi, yaya na mtumishi wa kiume, na yenye pauni 150 au 200 ilitosheka na mtumishi mmoja wa kazi zote. Huko Urusi, Elena Molokhovets alikiita kitabu chake zawadi kwa mabibi vijana wa nyumba, na kikaendelea kuchapishwa hadi mwaka 1917. Kilitoka mwaka uleule ambao serikali ya Urusi iliwaacha huru wakulima waliofungwa kisheria kwa mabwana wao, wakati ambapo nyumba nyingi zilianza kutegemea watumishi wa mshahara, na hivyo hata chakula cha watumishi kilipangiwa nafasi yake humo.

Utaratibu huo ulifika pia Afrika Mashariki. Mwaka 1928 chama cha wanawake cha kanisa la Kiskoti la St Andrew's mjini Nairobi kilitoa kitabu cha mapishi na cha nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Bibi wa kilowezi aliyekishika alikuwa mbali na mama yake, na jikoni mwake kwa kawaida alikuwamo mpishi Mwafrika, hivyo kusoma mapishi kwake kulikuwa zaidi kujifunza kuagiza na kukagua.

Mwelekeo mwingine ulionekana mwaka 1931, wakati Irma Rombauer, mjane wa St. Louis, alipogharimia mwenyewe nakala 3,000 za *The Joy of Cooking*. Katika toleo la mwaka 1936 kila kiambato kilitajwa pale pale kinapohitajika, ili msomaji aliyesimama peke yake mbele ya jiko asilazimike kurudi juu ya ukurasa. Kitabu hicho kikawa zawadi ya kawaida kwa maarusi wa Marekani, kwa kuwa kilimchukulia mpokeaji kuwa ndiye mpishi.

Kwa hiyo anayechagua kitabu cha mapishi kwa ajili ya maarusi huchagua pia atakayepika. Kwa karne nyingi kitabu hicho kilimlenga mwanamke pekee, kwanza kama msimamizi na baadaye kama mtendaji, na mwanamume akabaki mlaji. Kitabu kinapoandikwa kwa ajili ya mke na mume kwa pamoja, kinaacha mgawanyo huo, na hapo ndipo zawadi ya harusi inapowahusu wote wawili walioozwa.