Brian May: Mpiga gitaa aliyeunda chombo chake mwenyewe

Wapenzi wa muziki katika Afrika Mashariki hulikumbuka kundi la Queen kwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Hata hivyo, sauti inayolitambulisha kundi hilo hata kabla mwimbaji hajafungua kinywa ni ya gitaa la Brian May.

May alizaliwa tarehe 19 Julai 1947 huko Hampton na kukulia Feltham, magharibi mwa London. Familia ya Bulsara ilihamia Feltham hiyo hiyo baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, lakini vijana hao wawili hawakujuana hadi baadaye.

Akiwa mvulana, May hakuwa na uwezo wa kununua gitaa la kiwandani. Mwaka 1963 yeye na babake, Harold, mtaalamu wa elektroniki, walianza kuunda la kwao. Shingo ilichongwa kutokana na ubao wa meko ya kale, springi zikatolewa kwenye pikipiki kuukuu, na alama za shingoni zikawa vifungo kutoka kisanduku cha kushonea cha mama yake. Chombo hicho, kiitwacho Red Special, ndicho alichokipiga tangu albamu ya kwanza ya Queen ya 1973. Hukipiga kwa sarafu ya zamani ya peni 6.

Kwa Hank Marvin wa kundi la The Shadows, May alijifunza kuwa gitaa laweza kuimba. Jimi Hendrix alimwonyesha nguvu zake. Rory Gallagher wa Ireland, ambaye May alimfuata baada ya onyesho ili kumuuliza siri ya sauti yake, alimwelekeza kwenye kipaza sauti cha Vox AC30, na hajakiacha. Lakini kurekodi gitaa moja tabaka juu ya tabaka hadi lisikike kama okestra ni ustadi wake mwenyewe. Ndiyo maana albamu za Queen za miaka ya 1970 zilitangaza kwamba hazikutumia sintesaiza.

Kupanda huko kulikuwa na gharama. May alikuwa akisomea shahada ya uzamivu katika chuo cha Imperial, London, akichunguza vumbi lililo baina ya sayari. Mwaka 1974 aliyaacha masomo hayo. Babake, aliyetoa jasho lake kwa gitaa na kwa elimu ya mwanawe pia, alihuzunika kwa miaka, hadi alipomwona akipiga katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York.

We Will Rock You ya 1977, aliyoitunga May, karibu yote ni vishindo vya miguu na makofi. Gitaa hungoja hadi mwishoni.

Baada ya kifo cha Mercury tarehe 24 Novemba 1991, wengi walidhani safari imekwisha. Mwaka 2002 May alipiga wimbo wa taifa juu ya paa la kasri la Buckingham, na mwaka 2007 akaikamilisha shahada aliyoiacha miaka 33 nyuma. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka 2023.

Septemba 2024 alieleza kwamba alipatwa na kiharusi kidogo, na kwa muda mkono wake wa kushoto, ule unaobonyeza nyuzi, haukumtii. Katika taarifa hiyo hiyo alisema kuwa bado anaweza kupiga gitaa.