Fedha ya Jambia na Mkono wa Sonara

Sisi wenye asili ya Kutch twakumbuka kwamba katika karne ya 19 mji wa Bhuj ulisifika kwa ufundi wa fedha. Oomersi Mawji, sonara wa Maharao, alinakshi hata mipini na ala za silaha. Masonara wa Kihindi walifika pia Unguja, mji wa majambia.

Nakshi huinuliwa kwa nyundo na tindo juu ya bamba jembamba. Likisuguliwa mno, maua hufutika. Ufa ukiungwa kwa risasi, moto wa baadaye huila fedha. Sonara mwadilifu huunga kwa lehemu ya fedha, huinua palipobonyea kutokea ndani, na weusi wa mifereji huuacha. Tuwarithishe vijana mkono huu, kwani jambia hudumu kuliko fundi wake.