Bendera kwa pauni 30: mapatano ya Tippu Tip na Leta



Mu mikutano yetu ya hii miezi neno moja linarudia sana: mapatano. Mapatano na shefu wa udongo, mapatano na komine, mapatano juu ya visima. Wengi wenu mlirudi kutoka Zambia chini ya mapatano ya pande tatu, Kongo, Zambia na HCR, na karatasi yenyewe hamjaiona hata siku moja. Nimeombwa niandike kidogo juu ya historia, basi nimechagua mapatano moja ya zamani. Yaliandikwa Unguja tarehe 24 Februari 1887, kati ya Leta ya mfalme Leopold wa Pili na mtu tunayemwita Tippu Tip.

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe kama baba yake. Huku kwetu hakuwa mgeni. Mu 1867 alimpiga Nsama, mkubwa wa Watabwa wa Itawa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru, na akachukua pembe zake. Ninyi mliokaa kambi ya Mwange, kule Mporokoso, mlikaa karibu sana na udongo ule. Kisha akaenda kaskazini, akajiweka Kasongo, mu Manyema, akawa na nguvu kupita wenzake wote.

Vitabu vya shule vinasema “Waarabu”. Inafaa kusimama kidogo hapa. Tippu Tip alikuwa na asili ya Oman upande wa baba, lakini damu yake ilikuwa pia ya pwani na ya bara. Watu wake wengi walikuwa Waswahili wa pwani, Wanyamwezi, na watoto wa Manyema wenyewe waliovaa kanzu na kushika bunduki. Bangwana, njo vile waliitwa. Wala hawakuwa na mfalme mmoja. Kila mkubwa alikuwa na mji wake, watumwa wake, madeni yake kwa matajiri Wahindi wa Unguja. Wazungu walitafuta “shefu wa Waarabu” wa kuongea naye, na kwa sababu hakukuwapo, wakamtengeneza.

Stanley alimjua tangu 1876. Mwaka ule, karibu na Nyangwe, walipatana kwamba Tippu Tip atamsindikiza safari 60 kufuata mto, kwa dola 5,000. Tippu Tip alirudi njiani kabla ya kumaliza, na baadaye alilalamika kwamba Stanley hakutimiza ahadi zake. Kwa hiyo walipokaa tena kuongea mu 1887, kila mmoja alikuwa anamjua mwenzake vizuri. Labda vizuri mno.

Kilichowakutanisha tena kilikuwa aibu ya Leta. Mu Agosti 1886 kituo chake pale Maporomoko, leo Kisangani, kilipigwa na Bangwana na kikakimbiwa. Ugomvi ulianza juu ya mwanamke mmoja mtumwa aliyekimbilia kwa mkubwa wa kituo, Deane, naye akakataa kumrudisha. Leopold hakuwa na askari wala franka za kutosha kukirudisha kwa nguvu. Upande wa pili, Tippu Tip aliona sultani wake, Barghash, anaminywa: mwaka ule ule wa 1886 Waingereza na Wadachi waligawanya bara, sultani akabakiwa na kipande chembamba cha pwani. Watu wawili wenye shida wakakutana mbele ya konsul wa Waingereza.

Masharti yalikuwa hivi. Tippu Tip anakuwa wali wa Leta pale Maporomoko, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Anapandisha bendera ya buluu yenye nyota ya njano. Anazuia uvamizi na biashara ya watumwa toka Maporomoko kushuka na mto. Anakaa na mzungu mmoja wa Leta pembeni yake. Biashara yake mwenyewe anaendelea nayo bila kusumbuliwa. Tena akaahidi kumpatia Stanley wapagazi 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha. Siku iliyofuata wakapanda meli Madura pamoja, wakazunguka kusini ya Afrika mpaka mdomo wa mto Kongo.

Tuhesabu nani alikuwa pale. Mfalme wa Ubelgiji kwa mdomo wa Stanley, mfanyabiashara wa Unguja, konsul wa Waingereza. Wagenia wanaovua samaki pale Maporomoko hawakuwapo. Watu wa Manyema waliobeba pembe mabegani hawakuwapo. Hata wakubwa wengine wa Bangwana, wale wa Nyangwe na wa kando ya ziwa, hawakuwapo, na hakuna aliyewaambia kwamba sasa wana wali. Mu kazi yangu ya terrain ninaona kitu kile kile: karatasi inatiwa sahihi mujini, halafu watu wa kijiji wanashangaa kuona mpaka wa shamba umesogea. Swali la kwanza kwa mapatano yoyote ni: wasiokuwa pale wamefungwa na nini?

Na hata waliokuwapo hawakusikia neno moja sawasawa. Kwa Tippu Tip, bendera ilikuwa kama ile ya sultani: unaipandisha, unaheshimiwa, unaendelea na kazi yako. Kwa Leopold ilikuwa alama kwamba udongo ni wake, na wali ni mtu wa kushika nafasi mpaka askari wafike. Kufikia 1890 Leta ilikuwa imejenga kambi kubwa za askari Basoko na Lusambo, moja kila upande wa Bangwana. Amani ilikuwa bado inaandikwa mu barua, kuta zinapanda.

Pembe ndiyo ilivunja mambo. Mu Septemba 1891 Leopold alitoa amri kwamba pembe na mpira vikusanywe kwa faida ya Leta. Ile biashara huru ya mu karatasi ya Unguja ikabaki maneno. Tippu Tip mwenyewe alikuwa ameondoka mu 1890 kurudi Unguja, ambako Stanley alimshitaki juu ya wale wapagazi. Maporomoko alimwachia Rashid, mtoto wa ndugu yake. Kasongo alikuwa mwanawe Sefu. Mapatano yalikuwa ya mtu mmoja, na mtu yule hakuwapo tena.

Huku Katanga, wakati ule ule, kuna mkubwa aliyekataa karatasi. Msiri wa Bunkeya hakuwa Mwarabu, alikuwa Muyeke, asili yake Unyamwezi, lakini alifanya biashara na pwani zote mbili. Mu Novemba 1890 Mwingereza Sharpe alimletea mkataba, akarudi mikono mitupu. Leta nayo ilimwambia apandishe bendera, hakutaka. Tarehe 20 Desemba 1891 kapitani Bodson, wa msafara wa Stairs, alimpiga risasi akafa, na Bodson akauawa pale pale. Wapagazi na askari wa msafara ule waliajiriwa kwenye pwani ya Unguja. Walikuwa wanaongea Kiswahili. Basi aliyetia sahihi alipewa miaka mitano, na aliyekataa alipewa mwaka mmoja.

Vita ilianzia Lomami. Ngongo Lutete, mkubwa wa Ngandu, aliyekuwa mtumwa mu utoto wake, alimtumikia Tippu Tip na kisha Sefu. Mu 1892, baada ya kupigwa na Leta, aliigeukia, akapatana na Dhanis mu Septemba. Sefu akadai arudishiwe mtu wake. Mu Novemba alifika kando ya Lomami pamoja na mzungu De Bruyne, mmoja wa Wabelgiji wawili aliowashika Kasongo, ili aongee na wenzake ng’ambo ya mto. Wale wa ng’ambo walimwambia ajitupe majini, watamlinda kwa bunduki. De Bruyne akakataa, kwa sababu mwenzake Lippens alibaki Kasongo na angelipa yeye. Akarudi. Desemba wote wawili wakauawa. Kwangu mimi, kati ya wote wanaotajwa mu habari hii, ni yule tu aliyeheshimu neno lake kwa mtu asiyekuwa pale.

Mengine yalikwenda haraka. Nyangwe ilianguka mu Machi 1893, Kasongo mu Aprili. Sefu aliuawa mwaka ule. Rumaliza, wa upande wa Tanganyika, alishindwa Januari 1894 akakimbilia kwa Wadachi. Ngongo Lutete, ambaye bila yeye Dhanis asingevuka Lomami kirahisi, alishitakiwa usaliti na ofisa wa Leta, akapigwa risasi Ngandu mu Septemba 1893. Tippu Tip alizeeka Unguja. Aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na alikufa 1905.

Askari wa Ngongo Lutete hawakusahau. Leta ilikuwa imewachukua na kuwapeleka Luluabourg, na mu Julai 1895 waliasi, wakamuua mkubwa wa kambi. Walipigana toka Kasai mpaka Lomami, wakashindwa, waliobaki wakaingia mu vichaka vya Katanga. Kundi la mwisho liliendelea huku mpaka 1908. Miaka miwili baadaye Wabelgiji walipima barabara za kwanza za mji huu.