Mishumaa midogo ya Wichern

Katika jiji la Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, wachuuzi wa Krismasi walianza kuzozana na kanisa karne nyingi kabla Kariakoo haijawa soko. Kanisa kuu la Bikira Maria lilikuwa na paa zuri, mvua ya huko haina adabu, basi wachuuzi wakaingia ndani na bidhaa zao. Mwaka 1334 Askofu Mkuu Burchard akawapiga marufuku. Miaka mitatu baadaye akalegeza kamba: waruhusiwe kujikinga humo hali ya hewa inapochafuka. Anayeijua Hamburg atacheka, maana ni siku gani ya Desemba ambayo hali ya hewa ya huko haijachafuka? Kanisa lile lilianza kubomolewa mwaka 1804. Soko lilibaki. Hadi leo maonyesho makubwa ya jiji hilo, yenye bembea na vyakula vya kila aina, yanaitwa Dom, kwa jina la kanisa kuu lisilokuwepo.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba siku hizi biashara imemeza Noeli, malalamiko yake yana umri wa karibu miaka 700. Nayataja haya kwa sababu jibu mojawapo la maana lililowahi kutolewa dhidi ya pilikapilika hizo lilitoka Hamburg hiyohiyo, kwa mtu ambaye hakumfukuza mchuuzi yeyote.

Johann Hinrich Wichern alizaliwa humo mwaka 1808. Alipomaliza masomo ya teolojia alifundisha shule ya Jumapili katika mtaa wa St. Georg, akaona kwa macho yake jinsi familia maskini zilivyobanana katika vyumba vya giza na watoto wakilelewa na barabara. Mwaka 1833, akiwa na miaka 25, alipewa nyumba kuukuu ya kijijini huko Horn, nje kidogo ya mji, iliyoitwa Rauhes Haus. Akahamia humo pamoja na mama yake na dada yake, na kabla mwaka haujaisha nyumba ilikuwa imeshapokea wavulana wa kwanza. Hakutaka kujenga gereza la watoto. Aliwagawa katika makundi madogo kama familia, kila kundi na mlezi wake, wakalima, wakajifunza ushonaji viatu na useremala.

Watoto hao, kama watoto wote, hawakujua kusubiri. Inasimuliwa kwamba Desemba ilipokaribia walimchosha kwa swali moja: Krismasi lini? Mwaka 1839 akawajibu kwa gurudumu. Alichukua gurudumu la mbao, akalitundika katika ukumbi wa sala, akalizungushia mishumaa: minne mikubwa myeupe kwa Jumapili nne za Majilio, na katikati yake midogo myekundu kwa siku za kazi. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio iliangukia tarehe 1 Desemba, kwa hiyo hesabu hadi mkesha wa Noeli ilihitaji midogo 20. Kila siku walikusanyika, wakaimba, wakasikiliza neno, na mshumaa mmoja zaidi ukawashwa. Jumatatu mdogo mmoja, Jumanne mwingine, hadi Jumapili mkubwa. Mtoto asiyejua kusoma kalenda aliweza kutazama juu na kuona mwenyewe siku zilizobaki. Matawi mabichi ya kijani yaliongezwa baadaye.

Majilio yenyewe, bila shaka, ni ya zamani mno kuliko gurudumu hilo. Mtaguso wa Mâcon huko Gaul, mwaka 581, uliagiza watu wafunge Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Yaani Desemba ya Mkristo wa zamani ilikuwa ya tumbo tupu, na ulaji ulianza tarehe 25. Sisi tumeigeuza: tunakula mwezi mzima kwenye sherehe za ofisi, na Noeli inapofika tumeshachoka nyama.

Gurudumu la Wichern, ambalo leo tunaliita taji la Majilio, lilichukua muda kusafiri. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Berlin walipofika kusini mwa Tanganyika mwaka 1891, na wale wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, walileta Majilio na nyimbo zake, lakini taji lenyewe lilikuwa bado halijaenea hata kwao. Mwaka 1925 lilitundikwa katika kanisa Katoliki mjini Cologne, na Wakatoliki wakalipa rangi zao: zambarau tatu na moja ya waridi kwa Jumapili ya tatu, ile ya furaha. Leo utalikuta katika makanisa mengi ya Kilutheri na Kikatoliki nchini, limefumwa kwa matawi ya msaipresi au kwa plastiki ya dukani.

Ila njiani kuna kitu kilidondoka. Tumebaki na mishumaa minne ya Jumapili, na ile midogo myekundu imepotea. Naelewa kwa nini: vyumba vilikuwa vidogo, mishumaa ina gharama, na minne inapendeza mezani. Lakini Jumapili haikuwa shida ya wavulana wa Horn, wala si shida yetu. Jumapili mchungaji yupo, kwaya ipo, hata asiye na habari atakumbushwa. Desemba hutuponyoka Jumanne jioni, mtu akiwa kwenye foleni ya kukata tiketi ya basi, akibishana juu ya nauli iliyopanda, simu ikiita kuhusu mchango wa mbuzi. Wichern alikuwa na mishumaa kwa ajili ya Jumanne hiyo.

Safari yenyewe haina kosa. Huku kwetu Wachaga hutaniwa kwamba mwisho wa mwaka wanakwenda Moshi kuhesabiwa, na utani huo una Injili ndani yake kuliko watani wanavyodhani: kwa mujibu wa Luka, Yusufu na Mariamu nao walikuwa njiani kwenda kuhesabiwa, na walipofika nyumba ya wageni ilikuwa imejaa.

Anayetaka kulirudisha gurudumu zima nyumbani kwake aangalie kalenda kwanza, kwa sababu urefu wa Majilio hubadilika. Jumapili ya kwanza ikiangukia tarehe 3 Desemba, mishumaa midogo 18 inatosha, na mkubwa wa nne utawashwa mkesha wenyewe. Ikiangukia tarehe 27 Novemba, anunue 24. Iwashwe jioni, baada ya chakula na kabla ya taarifa ya habari, na anayeiwasha awe mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kushika kiberiti bila kuunguza kitambaa cha meza.