Ridhaa ya mgonjwa: Sahihi kwenye fomu pekee haitoshi

KATIKA wodi nyingi nchini, mgonjwa anayesubiri kufanyiwa upasuaji huletewa fomu na kuonyeshwa mahali pa kutia sahihi. Wengi hutia sahihi bila kuisoma. Baadhi yao hawaielewi lugha iliyotumika, wengine wamelemewa na maumivu, na wapo wanaoamini kwamba kumuuliza daktari maswali ni utovu wa adabu. Baadaye, matokeo yanapokuwa tofauti na matarajio, ndipo familia huuliza ni nani aliyeamua na aliamua kwa msingi gani.

Swali hilo lina jibu katika sheria za Kenya. Uamuzi kuhusu mwili wa mtu mzima mwenye akili timamu ni wake mwenyewe, na wajibu wa daktari ni kumpa maelezo yatakayomwezesha kuamua. Wataalamu huuita uamuzi wa aina hiyo ridhaa yenye ufahamu. Ili ridhaa iwe halali, sharti mgonjwa awe na uwezo wa kuamua, apewe maelezo ya kutosha, ayaelewe, kisha akubali kwa hiari bila kushurutishwa. Fomu ni ushahidi tu kwamba mazungumzo hayo yalifanyika. Yasipofanyika, sahihi haiwezi kuyafidia.

Mawazo haya hayakuwapo tangu jadi. Kwa karne nyingi, tabibu alitarajiwa kuamua na mgonjwa kutii. Miongoni mwa maandishi ya Wagiriki wa kale yanayonasibishwa na Hippocrates, yamo yanayomshauri tabibu amfiche mgonjwa mengi kuhusu hali yake. Mnamo 1914, katika kesi ya mwanamke aliyeondolewa uvimbe jijini New York ilhali alikuwa amekubali uchunguzi pekee, Jaji Benjamin Cardozo wa Marekani alieleza kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuamua kitakachofanyiwa mwili wake. Hata hivyo, mwanamke huyo hakushinda kesi dhidi ya hospitali. Mnamo 1947, baada ya madaktari wa utawala wa Nazi kuhukumiwa mjini Nuremberg kwa majaribio ya kikatili, kanuni za utafiti ziliweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza.

Kesi iliyobadilisha zaidi mtazamo wa mahakama katika nchi za Jumuiya ya Madola iliamuliwa nchini Uingereza mnamo Machi 2015. Mama mmoja wa Scotland, Nadine Montgomery, aliyekuwa na kisukari na umbo dogo, alijifungua mwaka 1999. Wanawake wajawazito wenye kisukari hukabiliwa na hatari ya asilimia 9 hadi 10 ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa. Daktari hakumweleza jambo hilo, kwa kuwa aliona wanawake wakielezwa wengi wangechagua upasuaji. Mabega ya mtoto yalikwama, akakosa oksijeni na kubaki na ulemavu wa kudumu.

Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba daktari hapaswi kupima maelezo yake kwa desturi ya madaktari wenzake pekee. Sharti amweleze mgonjwa hatari yoyote ambayo mtu wa kawaida aliye katika hali hiyo angeiona kuwa muhimu, pamoja na njia mbadala zilizopo. Maamuzi ya mahakama za Uingereza hayazifungi mahakama za Kenya, lakini mawakili na majaji huyarejelea.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinaharamisha kumnyima mtu matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ndiyo iliyofafanua namna uamuzi wa matibabu unavyopaswa kufikiwa.

Kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha sheria hiyo, mhudumu wa afya anapaswa kumweleza mgonjwa hali yake, aina za uchunguzi na tiba zilizopo, na manufaa, hatari, gharama na matokeo ya kila njia. Anapaswa pia kumfahamisha kwamba ana haki ya kukataa ushauri, na kumweleza athari za kukataa huko. Maelezo hayo, inapowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu.

Kifungu cha 9 kinakataza huduma kutolewa bila ridhaa, ila katika hali maalumu. Hizi ni pamoja na mgonjwa asiyejiweza ambaye mtu aliyemteua kwa maandishi, au anayetambuliwa na sheria, amemwamulia, amri ya mahakama, dharura, na hatari kubwa kwa afya ya umma. Aidha, tiba inaweza kutolewa ikiwa kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebika, mradi mgonjwa hajakataa. Hivyo basi, majeruhi wa ajali aliyezirai hangojei jamaa zake watafutwe ndipo aokolewe.

Kuhusu virusi vya HIV, sheria ya 2006 ya kuzuia na kudhibiti ugonjwa huo inakataza kumpima mtu kwa lazima, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Mnamo 2022, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba haki za mwanamke anayeishi na virusi hivyo zilikiukwa alipofungwa mirija ya uzazi bila ridhaa yenye ufahamu. Uamuzi huo ni onyo kwamba kuridhia bila kuelewa hakutofautiani na kutoridhia.

Nafasi ya mume na jamaa

Mojawapo ya dhana zilizoenea ni kwamba mke hawezi kufanyiwa upasuaji mpaka mumewe atie sahihi. Sheria ya Afya haina sharti kama hilo. Mwanamke mzima mwenye fahamu zake ndiye anayetoa ridhaa. Ni jambo jema mume kuhusishwa, lakini mama aliye katika uchungu wa uzazi anapocheleweshwa upasuaji kwa sababu simu ya mumewe haipatikani, yeye na mtoto huwekwa hatarini kwa kanuni isiyokuwapo. Kwa watoto walio chini ya umri wa miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayeamua kwa kawaida.

Dhana ya pili ni kwamba jamaa wana haki ya kumwagiza daktari amfiche mgonjwa ugonjwa wake. Hutokea mara nyingi kwamba mzee amegunduliwa kuwa na saratani na wanawe wakamsihi daktari asimweleze, wakihofia atakata tamaa. Nia yao huwa njema. Hata hivyo, habari za ugonjwa ni mali ya mgonjwa, na sheria huruhusu azuiliwe tu pale panapokuwa na ushahidi wa kutosha kwamba kumweleza kutamdhuru. Mzee asiyejua hali yake hukosa fursa ya kuchagua tiba, kugawa mali na kuwaaga wapendwa wake. Njia inayofaa ni kumuuliza mwenyewe angependa kujua kiasi gani, na nani awepo anapoelezwa.

Tiba zaidi ya moja

Yapo magonjwa ambayo njia iliyo bora ni moja tu. Lakini yapo mengine ambapo jibu hutegemea kile ambacho mgonjwa anakithamini zaidi. Saratani ya tezi dume iliyogunduliwa mapema ni mfano mzuri. Utafiti uliofanyiwa wanaume 1,643 nchini Uingereza, ambao matokeo yake ya miaka 15 yalichapishwa mwaka 2023, ulilinganisha upasuaji, tiba ya mionzi na kufuatiliwa kwa karibu bila kutibiwa mara moja. Waliofariki kutokana na saratani hiyo walikuwa takriban asilimia 3 tu, bila tofauti kubwa baina ya makundi hayo matatu.

Tofauti zilikuwa kwingine. Saratani ilisambaa kwa asilimia 9.4 ya waliofuatiliwa, ikilinganishwa na takriban asilimia 5 katika makundi mengine mawili. Kwa upande mwingine, upasuaji ulihusishwa zaidi na kushindwa kuzuia mkojo na kupungua kwa nguvu za kiume. Mwanamume mmoja atavumilia hayo ili saratani iondolewe; mwingine hatakubali. Daktari anajua takwimu, lakini mgonjwa ndiye anayejua maisha anayotaka kuishi. Ikumbukwe kwamba matokeo hayo hayamhusu mgonjwa anayefika hospitalini saratani ikiwa tayari imesambaa.

Namna takwimu zinavyoelezwa pia ina uzito. Tuseme dawa inapunguza hatari kutoka watu 2 kati ya 1,000 hadi 1 kati ya 1,000. Anayeambiwa kwamba dawa hiyo inapunguza hatari kwa nusu ataiona ya ajabu. Anayeambiwa kwamba kati ya watu 1,000 watakaoimeza atanufaika mmoja, huenda akaamua tofauti. Kauli zote mbili ni za kweli, na mgonjwa anastahili kuzisikia zote.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya kukubali tiba yoyote isiyo ya dharura, mgonjwa anashauriwa kuuliza maswali haya: Nina ugonjwa gani, na mna uhakika kiasi gani? Kuna njia zipi za kuutibu? Kila njia ina manufaa na hatari gani kwa mtu kama mimi? Itagharimu pesa ngapi, na bima italipia kiasi gani? Itakuwaje nikisubiri au nisipotibiwa kabisa?

Daktari naye anaweza kuhakikisha ameeleweka kwa kumwomba mgonjwa arudie maelezo kwa maneno yake mwenyewe. Panapohitajika mkalimani, ni vyema asitumiwe mtoto wala jirani katika masuala ya siri.

Mgonjwa anaruhusiwa kubadili nia hata baada ya kutia sahihi. Akikataa tiba, hospitali inaweza kumtaka athibitishe hivyo kwa njia rasmi. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unatambua pia haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Anayehisi kwamba haki zake zimekiukwa anaweza kulalamika kwa wasimamizi wa hospitali, kwa serikali ya kaunti, au kwa baraza linalosimamia madaktari, KMPDC. Malalamishi dhidi ya wauguzi hupelekwa kwa Baraza la Wauguzi. Ni muhimu kuhifadhi nakala za fomu, matokeo ya vipimo na stakabadhi za malipo, kwa kuwa hizo ndizo zitakazohitajika malalamishi yakichunguzwa.